Saa Mbili Yako, Saa Saba Yangu

Mama Rispa,

Ni mimi. Usishtuke. Najua sijawahi kukuandikia hata siku moja, lakini ulipokuwa hai ulikuwa hatua tatu kutoka benchi yangu ya kazi, barua ingekuwa ya nini? Naandika na penseli ile ya kupimia mbao. Barua zangu huandika Rispa, mimi nasema tu. Hii sikumpa. Haya ninayotaka kusema siwezi kuyasema na yeye akisikia.

Nianze na mazuri. Kawangware yote bado hakuna mtu anatengeneza sanduku ya shule kama mimi. Hata wale vijana wa Riruta wanaokuja kuchungulia pembe za sanduku zangu wameshindwa, wanapiga misumari kama watu wanaua nyoka. Nyumba iko. Inavuja pale pale ulikuwa unaweka sufuria.

Sasa lile lingine. Nekesa, mziwanda wako, ameitwa chuo cha ualimu. Chuo kile kile.

Nikisema kile kile najua unaona nini. Unaona siku ya kumpeleka Rispa. Ulikuwa umefua mashuka ya shule ya bweni miaka mingi, ukaniambia: "Baba Rispa, bweni ni vitanda. Twende saa mbili. Kitanda bila mtu, ikifika saa sita kinapewa mwingine." Nikakuuliza, mtu wa kufua mashuka ndiye atanifundisha kufika mahali? Nikasema tutaingia saa saba, wazazi wakiwa wamejaa kwa nyasi, waone sanduku ya Fundi ikipita. Na rangi ya tatu ilikuwa bado inashika vidole. Sanduku haitoki kwangu na rangi mbili, hiyo unajua. Tukangoja ikauke. Wewe ulikuwa umevaa koti tangu alfajiri. Ulikaa kwa kiti, mkoba magotini.

Saa saba tukaingia. Watu waliona, tena waliona mara mbili, sanduku ikiingia na sanduku ikitoka. Kwa kitanda cha Rispa alikuwa amekaa msichana mwingine, aliyekuja bila nafasi, akangoja na mama yake kwa benchi ya ofisi tangu kupambazuka. Rispa sasa anauza mitumba soko la Toi. Akili ile yote, inapima viuno vya suruali za watu.

Hata wewe nilikuchelewesha. Jeneza yako niliipiga rangi tatu. Mchungaji akangoja, akachoka, akaenda kwa mazishi mengine, ukaombewa na mwalimu wa watoto wa kanisa. Ndugu zako walinung'unika. Nikawaambia waangalie pembe.

Basi Nekesa nikamtengenezea sanduku yake, nzuri kushinda ile. Akaitazama vile wewe ulikuwa unatazama samaki ameoza. Akasema: "Baba, si sanduku kama hii ndiyo ilikula kitanda cha dada yangu? Uzia mwingine." Akafunga vitu vyake kwa katoni ya sabuni, na kamba. Binti ya Fundi na katoni! Nikamuuliza atafika huko saa ngapi.

"Saa ya Mama," akasema.

Wiki hiyo ndiyo alikuja Baba Awino, mshona viatu wa kule Kianda. Mtu mpole, anavua kofia hata akiingia kwa duka la mkaa. Awino wake ameitwa chuo hicho hicho, na yeye ndiye wa kwanza kwao kuitwa mahali popote. Akaipenda sanduku ya Nekesa. Akataka jina la mtoto liandikwe juu. Halafu akaniuliza: "Fundi, wewe ndiye unajua huko. Sisi tufike saa ngapi?"

Mama Rispa, lilikuwa hapa kwa ulimi. Saa mbili. Maneno mawili tu. Lakini yule mama wa chai anayeuza hapa mlangoni alikuwa amesimama na birika, na yeye anajua habari yetu yote, anangoja kusikia nitasema nini. Ningesema saa mbili, ningekuwa nimekubali mbele ya watu kwamba wewe ulikuwa sawa na mimi nilikuwa mjinga. Nikasema: "Saa saba. Wakati watu wamejaa. Na sanduku nitamwachia huyu mama wa chai, uichukue kwake asubuhi ile ile, rangi ikauke sawasawa."

Akanishukuru. Akaondoka anapiga mluzi.

Siku ilipofika, Nekesa na Rispa walitoka bado giza. Mimi nilifuata nyuma, hakuna aliyenikaribisha. Nekesa alikuwa wa tatu kwa laini. Amepata kitanda cha chini, karibu na dirisha. Hilo ulilitaka, nimekuletea.

Lakini saa sita karani alitoka na karatasi yake, akaanza kuita majina ya wasiofika. Akamuita Awino. Akamuita tena. Mama wa chai hana siri, na asubuhi ile wakitoka alikuwa amemwambia Rispa kila kitu. Akanigeukia: "Baba, nenda umwambie karani wako njiani. Mwambie ni wewe."

Nilikaa. Miguu ilikuwa mizima, nikakaa tu. Msichana mmoja akasimama kutoka benchi, mama yake akapiga vigelegele.

Saa saba kamili Baba Awino akaingia. Suti ya kuazima, sanduku kwa bega, inang'aa. Watu wote wakageuka kuangalia, kama nilivyosema watageuka. Akaniona, akavua kofia. "Fundi! Tumefika kwa saa yako!"

Rispa ndiye alienda kwao. Alimshika Awino mkono, wakakaa wote wawili juu ya sanduku, migongo yao kwangu. Mimi niliangalia pembe. Pembe zilikuwa nzuri.

Tangu siku hiyo Rispa ananiwekea chakula na anaondoka. Hayo ningevumilia, wewe ulinizoeza. Lakini Jumapili Baba Awino alikuja hapa kwa miguu kutoka Kianda. Nikashika nyundo, nikajua amekuja kunipiga. Alikuja kuniomba msamaha. Ati nisione vibaya kwamba sanduku yangu ilirudi, kosa ni lake, hakunisikia vizuri, lazima nilimwambia saa nyingine. Awino, akasema, haongei, analala tu na uso kwa ukuta.

Na mimi nikamwambia, "Si kitu."

Huyo ndiye mume wako.

Kesho nitaenda Kianda. Nitasimama kwa mlango wake, majirani wakiwa wanafua nje, nimwambie alinisikia vizuri kabisa. Kwamba ni mimi nilisema saa saba, na mke wangu alikuwa amesema saa mbili, na mke wangu alikuwa sawa. Kitanda hakitarudi, najua. Lakini Awino akae akijua baba yake si mtu wa kusikia vibaya.

Sikuombi kitu, na usicheke huko uliko. Pumzika, Mama Rispa. Nitafika kwake saa mbili. Koti yangu nimeshaitoa, iko hapa juu ya kiti chako.

Mimi,
Baba Rispa