Wimbo wa Kusubirishia Simu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeachana na gitaa. Limelala chini ya kitanda nyumbani pamoja na amplifaya yake, na sijutii. Leo katika mkutano wa wanafunzi wa chuo, mimi mwenyekiti wa kamati nilipanda juu ya kiti nikatamka waziwazi: roki isiyo na mwimbaji ni anasa ya waoga! Bweni letu limefungwa, wenzetu wanalala sakafuni kwa watu, nasi tukune nyuzi bila kutamka neno? Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Nyundo, mpiga dramu wa bendi yetu, hakushangilia. Alinifuata hadi mlangoni: haya, Mama Hotuba, leo umetupindua hata sisi.

Sikuwaambia jambo moja. Ni muda sasa nikilishika gitaa, vidole vinakwenda, moyo haufuati.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga simu ofisi ya malazi kuuliza bweni litafunguliwa lini. Tafadhali subiri, utahudumiwa hivi punde. Kisha muziki.

Muziki wetu!

"Kufuli" – tuliutunga wiki ile ile walipofunga bweni, kwa hasira tupu. Niliutambua kwa noti ya juu kabisa: siku ya kurekodi uzi wa pili ulilegea, nikauvuta kwa kidole hadi ukafika, kwa taabu, kama mtu apandaye ngazi na gunia. Hakuna mwingine aupigaye hivyo. Nilipaswa kukata simu. Nikangoja, kama zuzu, noti ile irudi.

Hakuna aliyepokea.

Alhamisi, 6 Machi

Msaliti amepatikana: binamu yangu, mpiga besi wetu, ambaye hufanya kibarua ofisini humo humo. Waliomba kitu changamfu kisicho na maneno, naye akawapa. Changamfu! Kwa nini hakuwaambia kwamba ule ni wimbo wa ghadhabu? "Sasa dada, wao wangejuaje? Wewe mwenyewe Jumatatu ulisema wimbo usio na mwimbaji hausemi kitu."

Nimelitoa gitaa chini ya kitanda. Mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeutungia maneno. Beti tatu, ukali mtupu: dhuluma, minyororo, alfajiri. Tumeyajaribu gereji kwa kina Nyundo. Nyundo akacheka hadi fimbo zikamdondoka: hotuba imepanda baiskeli isiyo na breki! Binamu alijitahidi kutonitazama. Kisha tukaupiga mtupu, bila maneno, mara moja tu, kusafisha masikio. Niliuvuta uzi ule.

Nimechukia jinsi nilivyofurahi.

Jumapili, 9 Machi

Utawala umeturuhusu tukusanyike kesho mbele ya jengo lao, kwa sharti moja: burudani tu. Atakayehutubia, chuo hana. Kamati imekata shauri kwamba bendi ipige "Kufuli". Nikapinga kwa nguvu zangu zote – huo sasa ni wimbo wa simu, tutachekwa! Katibu akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: mwenyekiti, una kingine?

Sina. Wamenipokonya kinywa, kisha wakanirudishia gitaa nililolitukana hadharani.

Jumatatu, 10 Machi

Jukwaani, nyuma ya dramu. Naandika haraka.

Tulikuwa tukijaribu vyombo tu. Nikapiga mwanzo wa "Kufuli", na mcheshi mmoja wa mbele akaweka kiganja sikioni mfano wa simu, akapaza sauti: "Tafadhali subiri!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilitamani kulivunja gitaa gotini. Wa pili akaweka kiganja sikioni. Kisha safu nzima. Kisha wote, hadi kule getini – kila aliyewahi kupiga simu kuomba kitanda. Nilipofika kwenye noti ile ya juu, kicheko kilikuwa kimekwisha. Viganja havikushuka.

Sitajidanganya. Hasira waliyoisikia si ile niliyoitia mimi. Waliitia wao, wakisubirishwa. Nawaonea wivu. Nilihubiri kwamba wimbo huu ni bubu, na bubu huyu amenishinda kwa ufasaha.

Mkuu wa utawala amekuja mwenyewe, tai imempinda. "Binti, mlikubali hakuna ujumbe. Huo ni wimbo gani?"

"Wa kwenu, mzee. Piga simu ofisini kwako uusikie."

Ameinama kando ya amplifaya yangu, ameshika waya, hajauchomoa. Ametazama watu: viganja bado viko masikioni, wala hakuna anayesema neno. Nyundo anagonganisha fimbo zake taratibu, ananingoja. Uzi wa pili umelegea tena. Sitaukaza, nitauvuta kwa kidole –