Diski ya Pili

Jumatatu, 3 Februari
Mlio tena. Tangu asubuhi kompyuta kubwa ya redio inalia bila kupumzika. Nimeandika amri ya kawaida, hali ya diski ikatokea: ziko nne, moja imekufa. Zinafanya kazi pamoja. Ikifa moja, tatu zinabeba. Ikifa ya pili, kila kitu kimekwenda. Nimemweleza directeur, mkuu wetu hapa redioni. Hakuuliza diski nyingine itatoka wapi. Aliuliza kama naweza kunyamazisha mlio, maana unaingia studio. Nimeunyamazisha. Amri moja tu. Nina hasira.

Jumatano, 5 Februari
Amekuja Papa Kasereka, yule Munande anayeuza unga na mafuta kwa jumla. Tangu vita vifike kwao Lubero, kule mashariki, binti yake Furaha hapatikani kwa simu. Sisi hupokea sauti za waliokimbia na kuzirusha jioni. Akasema: "Mama Solange, bantu banasema balisikia mutoto wangu ku redio. Miye sikusikia."

Nilikuwa naitafuta hiyo sauti, umeme ukakatika. Uliporudi, diski ya pili ilikuwa imetoka kazini. Hakuna faili hata moja. Papa Kasereka alikaa tu, kofia magotini. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeilazimisha diski ya pili irudi. Imekubali, lakini inakwaruza.

Papa Kasereka ameleta diski aliyoing'oa kwenye kompyuta ya kamera za ulinzi za depo yake ya unga. Depo imefungwa, malori yake yamekwama mashariki. Niliamuru taa ya ile iliyokufa iwake-wake, nisije nikachomoa nzima. Nikabadilisha. Mpya ikaanza kujazwa yenyewe, na papo hapo ile dhaifu ikaanza kutoa makosa. Nikasimamisha. Kwanza nitoe faili, kabla haijafa.

Directeur alikuwa nyuma yangu. "Matangazo ya biashara kwanza. Ile njo inatulisha."

Si mtu mbaya. Sisi wote tunakula kwa hayo matangazo. Alipotoka, nilianza na sauti za watu.

Ijumaa, 7 Februari
Ile diski dhaifu imekufa kabla ya adhuhuri. Sauti zimetoka zote. Matangazo, halikutoka hata moja. Nilikwenda kumwambia directeur mwenyewe, sikungoja agundue. Akasema nirudi nyumbani mpaka atakaponiita. Kwa upole. Upole ule umeniuma.

Kabla ya kutoka nilimvalisha Papa Kasereka vifaa vya masikioni. Sauti ilikuwa fupi, niliisikia kwa pembeni: "Papa, ni miye Furaha. Tuko Kasindi, ku mpaka ya Uganda. Mutoto iko muzima, ni mwanamuke."

Akavua vifaa, akaniangalia.

"Mutoto gani?"

Hakujua hata kwamba Furaha alikuwa na mimba. Nikamrudishia tangu mwanzo.

Jumapili, 9 Februari
Niko nyumbani, Ruashi. Mvua. Nguo nimezianika ndani, nyumba inanuka sabuni. Directeur hajaita. Sijui kama ataita. Nimechoka hata kukasirika.

Mchana Papa Kasereka alipiga simu kutoka Kasumbalesa, yuko kwenye foleni ya mpaka. Atazungukia Zambia, Tanzania, Uganda, mpaka amfikie Furaha. Njia ndefu, anasema, lakini iko. Kisha akaniuliza mtoto mchanga anavalishwa nini kwa baridi ya usiku. Nikamwambia soksi za sufu na kofia, na kofia ifunike masikio.

Akasema ngoja, aandike.