Upanga wa Babu Hauna Miaka Mia Nne

Jumamosi, alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, mtaa wetu wa Kabondo, hapa Kisangani, wote ni matope, na mimi nina hasira. Naandika kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kuwaonea watu haya.

Leo nimekataa kutia sahihi karatasi. Baba mdogo, Tonton wetu, anasema nimeuaibisha ukoo. Sawa.

Babu yangu alikuwa mwuguzi wa jeshi wakati wa Wabelgiji. Wakati wa vita vikuu walimpeleka mbali, Burma, kuhudumia majeruhi wa vita dhidi ya Wajapani. Alirudi na upanga wa Kijapani, akasema amepewa na afisa aliyemwuguza. Watu wakamcheka. Walisema aliupata kwa Mbelgiji aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao, na kwamba hata bahari hajawahi kuiona. Walimwita Papa Burma mpaka siku tuliyomzika. Alikuwa anaitika, lakini mimi nilikuwa mtoto mwenye macho, nikaona jinsi alivyokuwa akiinamisha kichwa.

Baba yangu, papa, alikuwa mhunzi, nami binti yake nachomelea mageti, kwa hiyo chuma nakifahamu. Miaka miwili sasa nasoma kwenye simu jinsi wajuzi wanavyopima umri wa panga za Kijapani. Hawaanzi na makali. Wanatoa mpini na kutazama mkia, ile sehemu inayojificha ndani ya mpini. Kutu ya mkia haisuguliwi kamwe. Ikiwa nyekundu na inachafua kidole, bado changa. Ikiwa nyeusi, laini, imetulia, hapo unaanza kuhesabu karne. Jina la mhunzi lililochongwa hapo ndilo la mwisho kuaminiwa, kwa sababu waghushi wamekuwapo huko tangu zamani. Halafu unatazama uso wa chuma chenyewe: kilichokunjwa na kupondwa kwa nyundo mara nyingi kina mistari kama ya ubao. Upanga wa babu hauna mistari, ni laini kama kijiko. Hilo nililiona mapema nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu nami nilitaka uwe wa kale.

Papa alishafariki, na Tonton ndiye mkubwa wetu sasa. Mwezi huu alipata mnunuzi, mfanyabiashara wa Butembo anayejenga hoteli Makiso, katikati ya mji, na anayetaka upanga wa samurai ukutani. Tonton akamwambia una miaka mia nne. Yule bwana si mjinga, akaomba karatasi yenye sahihi ya mtu anayejua chuma. Yaani mimi.

Sasa, kwetu nyumba ya wahunzi, chuma hakionyeshwi mgeni kikiwa na kutu. Ni aibu, sawa na kumpakulia chakula kwenye sahani chafu. Kwa hiyo Alhamisi, nikiwa kazini, Tonton alitoa mpini akausugua mkia kwa majivu na ndimu, saa nzima, kwa mapenzi yote. Niliporudi ulikuwa unang'aa. Nililia pale pale uani, mbele ya shangazi na kuku wake.

"Sasa mama, unalilia kutu?" Tonton alishangaa kweli. "Mugeni akuye aone chuma yetu iko muchafu?"

Nikauchukua nione hasara. Karibu na tundu la msumari wa mpini, pale kutu ilipokuwa nene kuliko pote, palikuwa na alama iliyogongwa, ndogo kama punje ya mchele, mfano wa ua. Alama hiyo naijua kwa picha. Iligongwa kwenye panga za maafisa zilizotengenezwa haraka haraka wakati wa vita vile vile. Upanga wa kale hauna alama hiyo.

Basi upanga wetu ni mchanga. Na mimi nikafurahi mpaka nikacheka peke yangu, kwa sababu upanga wa kale unaweza kununuliwa popote, lakini upanga wa afisa wa Kijapani wa vita vile ulifikaje Kisangani kama si mikononi mwa mtu aliyekuwako? Najua alama haitaji jina la aliyeubeba. Mjuzi mkali atasema babu angeweza kuupata kwa mwingine. Na aseme. Mimi nimeupima, na mizani yangu imeelemea kwa babu.

Nilimwonyesha Tonton. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Bon. Tunapitisha lime hapo, kidogo tu, inatoka. Nani atajua?" Akanyoosha mkono kuchukua lime, yaani tupa, kwenye sanduku la papa.

"Tonton, ni hiyo inasema baba yako hakudanganya."

"Baba alishakufa, mama. Hoteli iko hapa."

Nikauchukua upanga nikaufungia chumbani kwangu.

Leo mnunuzi alikuja na karatasi yake iliyochapwa tayari. Nikaisukuma pembeni, nikaandika yangu kwa mkono: upanga huu ni wa Kijapani kweli, ni wa wakati wa vita, hauna miaka mia nne, na mkia umesuguliwa na sisi wenyewe. Aliisoma mara mbili, akanipa mkono.

"Merci, mama. Lakini mimi nilitaka samurai."

Akafungua mwavuli, akaenda zake. Tonton, aliyetulea akituambia njia ya mwongo ni fupi, hakunitazama. Alisema upanga ni wa familia, kwamba kesho atakuja na wazee kuuchukua, alama itaondolewa, na mnunuzi mwingine hatakosekana. Kwa desturi ana haki. Mimi ni binti, tena wa mwisho.

Lakini desturi haijasema nisipige picha.

Nimeziweka zote hapa chini: mkia, tundu, na alama kwa karibu kabisa, mwanga ukiipiga kwa ubavu. Zipakueni. Watumieni waliomcheka babu, na watoto wao. Kesho wazee wakija nitawafungulia mlango, nitawawekea chai, nitamwomba Tonton mara moja tu aiache alama. Akikataa, nitampa upanga kwa mikono miwili. Apige tupa mpaka achoke. Alama ya babu iko kwenye simu yako, wewe unayesoma.