Mume wa Kwenye Filamu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kassimu amerudi kwetu Nyamugari kutoka hospitali ya akili. Daktari kasema dawa inamfaa — sauti alizokuwa anasikia kichwani zimenyamaza. Leo amekaa kwenye cherehani, kashona gauni la jirani, kaliinua nilione. Akatabasamu. Mume wangu ni yule yule. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wifi yangu Amisa kaleta filamu kwenye flash. Ya Kizungu, iliyotafsiriwa. Ndani yake kuna mume katoka hospitali ya vichaa. Mpole, anatabasamu, anainamisha kichwa — halafu anachinja nyumba nzima. Amisa kasema wagonjwa wako hivyo, wakitulia ndo wa kuogopa. Nikamwambia ni filamu tu.
Kassimu akapita kuchota maji. Akatuinamishia kichwa, kama salamu. Amisa akazima filamu haraka.

Jumapili, 12 Oktoba
Akitabasamu, namwona yule wa filamu. Asipotabasamu, namwona yule pia. Anakata uzi na mkasi, mi nimebana pumzi. Hajafanya kitu!
Visu vya jikoni haviko. Amisa kavificha. Nyanya nimezipasua na mikono, Kassimu anaangalia. Baadaye akaomba ile flash.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kaangalia filamu mpaka mwisho, peke yake. Halafu kwa sauti ya kawaida:
"Layla, we ukiniangalia unaona huyu?"
Nilikawia kujibu. Kidogo tu. Bon, basi, ilitosha.
Sasa kila akitaka kuinuka, kwanza anaweka mkasi mezani, mbele yangu. Polepole. Nasogea nyuma.

Alhamisi, 16 Oktoba
Amisa na kaka yao mkubwa, Rachid, wameamua: aende Gashoho kwa Rachid, apumzike. Sikukataa. Nimemfungia dawa zake kwenye mfuko, nikamweleza Rachid namna ya kumpa.
Nyumba kimya. Nililala vizuri — na hiyo inanitia haya.

Jumamosi, 25 Oktoba
Gashoho. Nimekuja kumwona, kwa gari mpaka Muyinga, halafu pikipiki.
Kassimu yuko kwenye stoo ya maharagwe, kufuli kwa nje. Rachid kasema vijana wa hapa wana filamu kama ile kwenye simu, watu waliogopa. Nikauliza dawa. Kasema aliacha kumpa, mtu aliyefungiwa dawa ya nini?
Jirani, Longino, aliyekulia Tanzania, kanisogelea. "Mama, hajamgusa mtu yeyote. Siku za kwanza alikuwa anabisha hodi tu, kwa adabu. Sasa habishi."
Nilisikiliza mlangoni. Anaongea na mtu, chini chini. Mle ndani hamna mtu mwingine.
Nikamwita. Akakatisha.
"Layla? Ukifungua, simama mbali kidogo. Sitaki uogope."
Rachid kanipa ufunguo, kisha akarudi nyuma mpaka kwenye migomba. Nimekaa kwenye jiwe, naandika. Ndani ameanza tena kunong'ona, kama anamtuliza mtu.
Nimesimama. Mbali kidogo, kama alivyoomba — lakini kufuli liko mlangoni, na toka hapa mkono haulifikii.