Mionzi ya Profesa na Pasi ya Chifu

Mama mpendwa,

Unaendeleaje huko, na kifua chako kinasemaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya Uingereza imenipasua midomo na chakula chao ni viazi juu ya viazi. Naandika Kiswahili kwa sababu barua za Kimeru hukaa sana kwa maafisa wa serikali wanaozifungua na kuzikagua. Mwalimu wa kanisa, ukimsomea mama, tafadhali soma polepole.

Habari ya uvimbe wa titi lako ilinikuta wodini, nikimuuguza bibi mzee tuliyemwita Profesa. Huyu, Mama, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuchunguza kiini cha atomu, kitu kidogo hata chembe ya unga wa wimbi ni mlima mbele yake. Wanaume aliofanya nao kazi walipewa medali. Yeye aliambiwa asante. Walipomwita asaidie kutengeneza bomu, alikataa.

"Wakaacha?" nilimuuliza.

"Wakatengeneza bila mimi."

Siku nyingine akaniuliza, "Kwenu wanasema nini juu yangu?"

"Kwetu hawakujui, Profesa."

"Afadhali," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Mionzi aliyoichunguza tangu ujana ndiyo iliyoiharibu damu yake. Alikufa wiki iliyopita, nami nimelia kama niliyefiwa na nyanya. Lakini hapa hospitalini mionzi hiyo hiyo huchoma uvimbe kama wako. Wanawake huja kwa basi na mikoba yao, wakatibiwa, wakarudi kupikia watoto. Kabla hajafa alimwomba mkubwa wa wauguzi nifundishwe kazi ya mashine hiyo, na nimeanza. Kila mgonjwa anayefungua blauzi, nakuona wewe.

Na wewe umefungiwa kijijini, nyuma ya handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Chifu anakunyima pasi ya kwenda hata hospitali ya Meru mjini, mpaka useme Mwiti amejificha wapi msituni na wenzake wa Mau Mau. Nina hasira, Mama. Mwiti ni ndugu yangu, nilimbeba mgongoni. Titi hilo tulilinyonya wote wawili.

Nisalimie shangazi wa Muthara, na yule jirani anayekuchotea maji homugadi, hao walinzi wa chifu, wakimruhusu.

Sitakuambia useme. Lakini ukinyamaza mpaka uvimbe huo ukuue, Mama, usitegemee nikusifu.

Mtoto wako,
Kagendo