Soksi Iliyoleta Mvua

Mwenzangu, haki ya Mungu, hapa sijatia chumvi hata chembe!

Kuna mzee mstaafu, jirani yangu. Leo ilikuwa zamu yake kufua mablanketi. Akamwonyesha mkewe kikompyuta chake, kilichounganishwa na kidude cha kupima joto na unyevu uani. "Mama watoto, unyevu asilimia tisini na tisa! Mvua hiyo!"

Tisini na tisa! Na jua linachoma utosi!

Mkewe akafuata waya mpaka uani. Kidude kimevishwa soksi inayochuruzika maji. Soksi, wewe!

"Baba watoto, mvua imenyesha ndani ya soksi tu?"

Ngoja, mke wangu anachungulia begani kwangu, anasoma haya ninayokuandikia. Anasema, "Mwambie rafiki yako hiyo soksi ya nani."

Haya, yamenifika. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili una povu la mablanketi.