Kokoto Si Jiwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimehesabu mara nne. Mara ya tano nimetoka nje, nikanywa maji, nikarudi, nikahesabu kwa kalamu bila kompyuta. Jibu lile lile.

Kokoto si jiwe!

Acha nijiandikie taratibu maana kichwa kinazunguka. Kokoto ni jina tuliloipa sisi wawili, mimi na wifi, miaka mitatu iliyopita tulipoipata ile sayari. Yenyewe haionekani. Tunachokiona ni nyota yake, ambayo kila baada ya siku kumi na moja inafifia kidogo kwa saa chache, sayari ikikatiza mbele. Kufifia kule kunaniambia upana wa sayari ni sehemu gani ya upana wa nyota. Basi. Ukitaka ukubwa wenyewe, lazima kwanza uujue ukubwa wa nyota. Ukiikosea nyota umekosea kila kitu.

Na tumeikosea. Vipimo vipya vya umbali vimetoka wiki iliyopita. Nyota iko mbali kuliko tulivyodhani, kwa asilimia thelathini na nane. Iko mbali hivyo na bado inang'aa vile vile — basi ni kubwa zaidi. Tuliidhani kijana, kumbe ni mzee aliyeshaanza kuvimba. Na Kokoto imenenepa pamoja nayo: si mara moja nukta tatu ya upana wa dunia yetu, ni mara moja nukta nane. Kwa uzito ule ule, karibu! Mwili mpana, uzito mdogo. Haiwezi kuwa mwamba mtupu. Ni maji, au gesi, na kiini kidogo ndani.

Kwenye korido zimebandikwa picha walizochora watoto wa shule: milima ya Kokoto. Nimepita nikiangalia sakafu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia wifi. Yeye tu.

Ningemwambia nani mwingine? Profesa, mkuu wetu wa kazi? Ofisini wanamwita Bi Mizani kwa sababu yeye ndiye anayezipima sayari uzito — anaangalia nyota inavyoyumba kidogo ikivutwa na sayari yake, anapata kilo. Mimi kipenyo, yeye kilo. Meza zetu zinagusana miaka sita sasa. Na mimi ndiye niliyemkutanisha na kaka yangu, alipokuja kutengeneza soketi iliyoungua chini ya meza hizo hizo. Kaka alitumia siku tatu kwa soketi moja! Fundi umeme mzima!

Amesoma hesabu yangu akiwa ameshika tumbo. Mimba ya miezi sita sasa. Kisha: "Wifi, hii ni kubwa. Usimwambie Profesa kwanza. Acha nihakiki, mtu asije akatucheka." Kaomba daftari langu la hesabu. Nimempa.

Nimepumua. Wawili si sawa na mmoja.

Ijumaa, 14 Machi

Bado anahakiki. Leo kaniletea kitambaa cheupe nikunje pindo, shuka la mtoto. Nimelishona saa ya mapumziko. Nilipouliza habari za daftari kasema "nimekaribia, wifi, nimekaribia."

Ijumaa, 21 Machi

Jingine tena! Picha kutoka darubini kubwa imenifikia. Pembeni ya nyota yetu kuna kinyota — karibu mno, ndiyo maana hatukukiona. Kamera inayotupa kule kufifia ina macho mazito, inachanganya mwanga wa vyote viwili. Maana yake shimo tunaloliona kwenye mwanga limejazwa kidogo na jirani. Shimo la kweli ni refu zaidi. Kokoto ni karibu dunia mbili kwa upana. (Mwanga niliotumia kuipima nyota yenyewe ulitoka kwenye chombo chenye macho makali. Hapo niko salama.)

Daftari analo wifi, kwa hiyo nimeandika kwenye karatasi ya printa. Nimempigia mara mbili. Hakupokea. Pengine amelala, miguu inamvimba siku hizi.

Jumatatu, 24 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tangazo liko ubaoni karibu na ngazi. Mhadhara wa wazi, Alhamisi tarehe tatu, ukumbi mkubwa. "Ukubwa mpya wa nyota na sayari yake." Mtoa mada: wifi. Chini yake: Profesa.

Nikasema labda wamesahau. Kweli nilisema hivyo, kwa sauti, peke yangu mbele ya ubao. Mfagiaji akaniuliza, "Umesahau nini, dada?"

Kisha nikaenda kuchukua karatasi zangu kwenye printa, na makala ya wifi ilikuwa bado inatoka. Kurasa kumi na mbili, za moto. Jedwali langu. Alama zangu. Hata ile tabia yangu ya kuandika saba yenye mkia — kaichapa hesabu yangu ya kalamu kama picha! Ukurasa wa tatu: "Vipimo vya awali vilivyofanywa na," halafu jina langu kamili, mpaka la baba, "vilikuwa na kosa la msingi katika umbali wa nyota."

Kosa langu. Ugunduzi wake.

Nimezirudisha pale pale kwenye trei. Nimezinyoosha kingo. Sijui kwa nini nilizinyoosha.

Jumanne, 25 Machi

Nilifika mapema, nikakaa. Alipoingia nikamwambia hata kabla hajaweka mkoba: "Wifi, hilo ni daftari langu."

Akakaa taratibu. "Nilitaka kukwambia."

"Lini? Baada ya makofi?"

Akaanza kulia. Mimi sikulia, na hilo limenitisha. Anasema nafasi ya kudumu ni moja tu. Anasema Profesa alimwita wiki mbili zilizopita kumwambia mkataba wake hautaongezwa, akaogopa, akaitoa hesabu. Profesa ndiye aliyesema asiniweke. "Amesema lazima awepo mtu aliyekosea na mtu aliyerekebisha, na hawawezi kuwa mtu mmoja."

"Na wewe ukasema nini?"

Akafungua mkoba, akaufunga.

"Wifi, ukasema nini?"

"Nikasema sawa."

Wiki mbili zilizopita! Maana yake alipoleta kile kitambaa tayari alikuwa ameshaniuza. Nimekunja pindo kwa mkono, kwa sindano nyembamba, lisije likamkwaruza mtoto.

Jumatano, 26 Machi

Kwa Profesa. Hajawahi kuniita kwa jina tangu nilipoanza kazi. Ni "binti yangu", na mimi nilivimba kichwa kwa hilo. Kilemba cha ukoka, nimekivaa miaka sita!

Nilimkumbusha: mimi ndiye niliyeomba tusubiri vipimo vipya vya umbali. Yeye ndiye aliyekataa, kwamba tutapitwa na wengine. Nikamwekea mezani barua pepe yake, nimeichapisha, tarehe juu. "Tumia umbali wa zamani. Unatosha."

Akavaa miwani. Akaisoma yote, mpaka sahihi yake mwenyewe. Akavua miwani.

"Sikumbuki hili, binti yangu."

"Liko mbele yako, Profesa."

"Taasisi haiwezi kukosea," akasema, kwa upole kabisa, kama anayenifundisha. "Mtu anaweza. Mtu husamehewa, akaendelea na kazi. Wewe bado kijana."

Akanisukumia karatasi yangu kwa vidole viwili. Nikatoka. Mlangoni akaniambia nisikose mhadhara, nikikosa watu watasema nina kinyongo.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda kwa mama. Kaka alikuwepo, anabadilisha swichi ya jikoni. Nilidhani nitamweleza mimi. Nilidhani ataruka!

Hakuruka. Aliendelea kukaza skrubu.

"Najua," akasema.

Toka lini? Toka mwanzo. Toka wiki ile mkewe alipotoka kwa Profesa. Aliyajua yote wakati ananipigia simu kuniuliza habari za kazi, na mimi namjibu nzuri tu, kaka, tuna jambo kubwa linakuja.

"Dada, yeye ana mtoto anakuja. Wewe una akili, utapata nafasi nyingine. Utagundua kitu kingine." Anasema utagundua kama anayesema utaokota.

"Na jina langu?"

"Nani anasoma ukurasa wa tatu?"

Mama alikuwa ameketi na miwani kwenye paji la uso. Hajui nyota, anajua watoto wake. Alimwambia kaka zima umeme kabla hujashika waya, basi. Baadaye, ananisindikiza mpaka kona, akanishika mkono. "Mwanangu, nyumba hii ni ndogo. Usinipe kazi ya kuchagua." Nikamwambia sitampa. Nilipogeuka barabarani alikuwa bado amesimama.

Basi nimebaki peke yangu. Nimeandika hilo ili nilione lilivyo. Dogo tu, kwenye karatasi.

Jumanne, 1 Aprili

Wifi amekuja mezani kwangu. Tangu juma lililopita tunapeana salamu tu, kwa ajili ya wengine. Alisimama upande wangu wa meza, mkono kiunoni.

"Wifi, nakuuliza kwa Mungu. Kwenye zile hesabu kuna kitu kingine natakiwa kukijua?"

Kinyota. Karatasi ya printa. Imo kwenye droo, sentimita chache kutoka tumboni mwake. Hajui. Anakwenda kusimama mbele ya watu na moja nukta nane, na moja nukta nane si kweli.

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Naapa nilikuwa nayo.

Nikasema, "Wewe ndiye uliyepima."

Akaniangalia. Akasema haya, asante. Akarudi kwenye kiti chake, na mchana kutwa nilisikia kalamu yake ikigonga meza, na meza yangu ikitikisika nayo.

Sasa nyumbani. Nimekula kidogo. Najiambia sikusema uongo. Ni kweli sikusema. Lakini Profesa naye hakusema uongo, alisema hakumbuki.

Jumatano, 2 Aprili

Sikwenda kazini. Nimefua mapazia. Saa nane nimechukua simu, nimeandika "Wifi, angalia picha ya darubini kubwa". Nimefuta. Nimeandika tena. Nimefuta.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika ukumbini, daftari hili la shajara magotini. Safu ya tisa, pembeni. Wanadhani nanukuu mhadhara.

Watu zaidi ya mia mbili. Waandishi wa habari. Darasa zima la watoto wa shule, sare zimepigwa pasi. Kaka yuko safu ya pili, amevaa koti la harusi yake. Hakugeuka nilipoingia. Profesa amekaa mezani jukwaani, anatabasamu kama mwenye shughuli.

Wifi anazungumza vizuri. Lazima niseme. Gauni la buluu. Ameeleza kufifia kwa mfano wa mdudu anayepita mbele ya taa — mfano wangu, niliutunga ndani ya basi. Watoto wamecheka pale pale nilipojua watacheka.

Slaidi ya jedwali. Moja nukta nane, kwa herufi nene. Jina langu chini kwa herufi ndogo, na neno "kosa". Mtu wa mbele yangu amemnong'oneza mwenzake, sijui nini.

Makofi. Maswali.

Mgeni wa kwanza kusimama ni yule mama mwenye mvi, mpimaji wa nyota kutoka chuo kingine, tuliambiwa atakuja. Sauti ndogo, haina haraka. Kauliza: kamera yenu ina macho mazito. Je, mmehakikisha hakuna nyota jirani inayomwaga mwanga wake humo? Kama ipo, namba hiyo si sahihi.

Wifi kasema, "Swali zuri."

Anageuza karatasi zake. Anageuza tena. Amekunywa maji. Profesa kainamia maikrofoni: "Tutalijibu kwa maandishi." Mama mwenye mvi hajakaa. Anasema anaweza kusubiri.

Wifi ameinua macho. Ananitafuta. Amepita safu ya tano, ya sita — amenipata. Haombi. Ni sura ya mtu aliyeelewa. Amejua kwamba nilijua siku ile.

Anasema kwenye maikrofoni, polepole: "Aliyepima ni yule pale. Muulizeni yeye."

Ukumbi mzima umegeuka! Hata watoto. Profesa ameacha kutabasamu. Kaka amegeuka naye, mara ya kwanza leo, na anatikisa kichwa — sijui ananiambia usiseme, au haamini tu.

Karatasi ya printa, niliyoitoa kwenye droo asubuhi, iko ndani ya daftari hili, naisikia chini ya mkono ninaoandikia. Ikisomwa, moja nukta nane inakufa na yeye anabaki pale na tumbo lake. Na watajua pia nilikaa nayo siku kumi na tatu.

Maikrofoni inakuja huku, mkono kwa mkono. Safu ya saba. Mtoto mmoja kaibusu kwanza kabla ya kuipitisha, mwalimu kamfinya.

Ya nane.

Nimesimama. Naandika nimesimama, mwandiko huu unakwenda upande. Karatasi ya printa nimeshaikunjua.